Nukta au Mshale, Mwito ni Ule Ule

Wahenga wa pwani walinena, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii sote tunaijua, tumeitia katika insha mpaka imechoka. Lakini mwaka huu nimeiona ikifanya kazi mahali ambapo wahenga wenyewe hawakupatarajia, yaani ndani ya maabara ya kompyuta.

Nasema hivyo kwa sababu ya mabishano yaliyoingia shuleni kwetu. Sisi wa kidato cha tatu ndio mkia wa 8-4-4. Nyuma yetu hakuna tena kidato cha pili wala cha kwanza. Kuna wadogo zetu wa gredi ya 10 walioingia Januari 2026. Sisi vitabu vyetu vinatupa Pascal na Visual Basic. Wao, baadhi yao wamekuja na Python mkononi. Tena wapo waliojifunza PHP na JavaScript kwa kaka zao huko Ukunda, nao wanatutazama sote kama watu wa kale. Basi kila mapumziko ya saa nne ni vita. Huyu anasema, "Yangu ina nukta, safi kabisa!" Yule naye, "Yangu ina mshale, ndiyo ya wakubwa!" Mwingine anaapa kuwa lugha isiyotaka mabano si lugha. Ukiwasikiliza utadhani ni mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards.

Ndugu msomaji, maoni yangu nayasema mapema ili asiyeyataka afunge ukurasa. Lugha hizi zote, zinapokiita kitu kifanye tendo, zinasema jambo moja tu. Alama ndizo zinazobadilika. Kwa hiyo tufundishwe jambo lenyewe kwanza, tena kwa Kiswahili, halafu alama zifuate. Tukianza na alama, kama tunavyofanya sasa, tutaendelea kukariri kama kasuku, na siku tukibadilishiwa lugha tutakuwa kama samaki nchi kavu.

Hebu tuelewane kwanza tunazungumza nini. Walimu wa kompyuta wana maneno mawili, objekti na methodi. Mimi hapa nitasema kitu na tendo, manake ndivyo vilivyo. Kitu ni mkusanyiko wa habari zinazokaa pamoja na matendo yanayozihusu. Chukua chombo cha mvuvi wa Msambweni, tukiite Subira. Subira ana habari zake: jina, nahodha, na mzigo aliobeba kwa kilo. Ana matendo yake pia: kuondoka, kutia nanga, kupakia. Katika programu, huwezi kuuvamia mzigo wa Subira ukaubadilisha ovyo. Adabu ni kumwita Subira mwenyewe na kumwambia apakie. Yeye ndiye anayejua mzigo wake ulikuwa kilo ngapi na sasa umekuwa ngapi.

Sasa jinsi ya kumwita. Kwa Kiswahili tungesema, "Subira, pakia kilo 20." Angalia vizuri, mna mambo matatu: anayeitwa, tendo analoambiwa, na kile anachopewa ili alitende. Shika hayo matatu kidoleni. Hapa chini ni sentensi hiyo hiyo katika lugha mbalimbali.

Java, Python na JavaScript:
subira.pakia(20)

PHP na Perl:
$subira->pakia(20)

Visual Basic:
Call subira.Pakia(20)

Ruby, ukitaka kuacha mabano:
subira.pakia 20

Lua:
subira:pakia(20)

Smalltalk:
subira pakia: 20

Objective-C, iliyotumika miaka mingi kutengenezea programu za iPhone:
[subira pakia:20]

Umeona? Anayeitwa yuko pale pale mbele, tendo linafuata, anachopewa kiko mwisho. Kilichobadilika ni kile kidude cha katikati tu. Hapa ni nukta, pale mshale, kule nukta mbili, na kwa Smalltalk ni nafasi tupu. Visual Basic yetu, ambayo watu wanaicheka, ndiyo iliyo wazi kuliko zote, maana inakubali hata uandike neno Call mbele, nalo maana yake ni "ita"!

Kuna lugha chache zinazogeuza mpangilio. Katika Common Lisp utaandika (pakia subira 20), na katika Julia utaandika pakia(subira, 20). Hapo tendo limetangulia. Je, limekuwa jambo jingine? La hasha! Sisi wenyewe tunasema "Subira, pakia kilo 20" na pia tunasema "Mpakie Subira kilo 20." Hakuna Mswahili anayegombana na mwenzake kwa sababu huyu ametanguliza jina na yule ametanguliza kitenzi.

Anayekaa Diani anajua ninalosema. Vijana wanaouza vinyago ufuoni wanamwita mgeni kwa Kijerumani, akitingisha kichwa wanajaribu Kiitaliano, akinyamaza wanakuja na Kiingereza. Jambo ni moja: njoo utazame. Wakirudi nyumbani jioni wanaongea Chidigo na mama zao, na Kiswahili na jirani. Hakuna aliyewaambia wachague lugha moja na kuzitukana nyingine. Wanajua wanachotaka kusema, kisha wanatafuta maneno ya anayesikiliza. Mwandishi wa programu ni kama wao, tofauti ni kwamba anayesikiliza ni mashine, na mashine haina mzaha.

Kwa nini basi alama zikawa nyingi hivi? Sababu ni kwamba lugha hizi zilizaliwa na watu tofauti, mahali tofauti, kila mmoja akiwa na shida yake. Wazo la vitu lilianzia Norwe. Wataalamu wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walikuwa wakitaka kuiga mambo ya ulimwengu ndani ya kompyuta, wakatengeneza lugha ya Simula, na ile ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuja na vitu tunavyovijua leo. Huko Marekani, katika miaka ya 1970, Alan Kay na wenzake wa kituo cha Xerox PARC wakatengeneza Smalltalk. Kwa Kay, vitu vinapelekeana ujumbe kama watu. Mwaka 1998 aliandika kwamba anajuta kulipa jambo hili jina la vitu, kwa kuwa watu walishika vitu wakasahau lililo kubwa zaidi, yaani ule ujumbe wenyewe. Maneno hayo ningependa yaandikwe juu ya mlango wa kila maabara. Kumbe hata mwenye mali alisikitika kuona watu wanatazama chombo wakasahau mwito!

Tazama tena wengine walikotoka. C++ ilianzishwa na Bjarne Stroustrup wa Denmark. Python ilitolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Lua ilizaliwa Brazil mwaka 1993, na jina lake ni "mwezi" kwa Kireno, lugha ile ile iliyotuachia meza, leso na bendera hapa pwani. Ruby ilitolewa mwaka 1995 na Yukihiro Matsumoto wa Japani. PHP ni ya mwaka 1995 pia, na aliyeianzisha, Rasmus Lerdorf, ni mzaliwa wa Greenland, nchi ya barafu yenye watu wachache kuliko kaunti yetu ya Kwale. Wengi wa watu hawa Kiingereza hawakunyonya kwa mama zao. Walifikiri kwa lugha za kwao, wakaandika kwa maneno ya Kiingereza. Sisi tunalazimishwa kufikiri kwa Kiingereza kwanza, ndipo tuelewe. Hapo ndipo tunapokwama.

Najua kuna atakayesema, "Kama alama ni kidude tu, mbona ukikosea nukta programu inakufa?" Swali zuri, na sitaki kulikwepa. Alama zina umuhimu wake. Lakini ukiuelewa mwito, kila alama utaipatia sababu, na chenye sababu hakisahauliki upesi.

Chukua PHP. Kwa nini haikutumia nukta kama wenzake? Kwa sababu katika PHP nukta ilikwisha kupewa kazi nyingine, ya kuunga maneno mawili yawe moja. Ukiandika $subira.pakia(20), PHP itadhani unataka kuunga Subira na jibu la tendo huru liitwalo pakia. Italitafuta tendo hilo, ilikose, na kulalamika kuwa halipo. Mwanafunzi aliyekariri ataambiwa tu "weka mshale." Aliyeelezwa sababu hatarudia tena.

Njoo kwa C++, ambako nukta ipo na mshale upo. Huko unaweza kuwa na chombo chenyewe mkononi, au ukawa na kikaratasi kinachoeleza chombo kimefungwa wapi. Ukiwa na chombo chenyewe, unatumia nukta. Ukiwa na kikaratasi cha anwani, unatumia mshale, yaani fuata anwani hii mpaka ufike, kisha mwite. Basi, umekwisha.

Sasa mabano. Katika Visual Basic ukiandika Form2.Show, dirisha linafunguka bila mabano yoyote. Katika Ruby nako ukiandika subira.ondoka, chombo kinaondoka. Lakini mwanafunzi akitoka huko akaandika subira.ondoka katika Python au JavaScript, kompyuta haitamgombeza, ila chombo hakitang'oa nanga. Atakaa hapo dakika arubaini akitafuta kosa. Sababu ni kwamba katika lugha hizo, tendo bila mabano ni kulitaja tu, na mabano ndiyo amri yenyewe. Ni tofauti ya kusema "kule kuondoka kwa Subira" na kusema "Subira, ondoka!" Kwa Kiingereza mwalimu alieleze hili anavyoweza. Kwa Kiswahili limekwisha kwa sentensi moja.

Nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Wanaoanza Python wote wanagongana na neno self. Tendo la kupakia linaandikwa hivi: def pakia(self, kilo). Mwanafunzi anauliza, huyu self ni nani? Mbona wakati wa kuita simwandiki? Akiamua kumwacha akaandika def pakia(kilo) tu, kisha akaita subira.pakia(20), kompyuta inamjibu kwamba tendo hili linapokea kimoja na wewe umeleta viwili. Anashika kichwa. "Mimi nimeleta 20 tu, cha pili kimetoka wapi?" Cha pili ni Subira mwenyewe. Python inamchukua anayeitwa na kumwingiza ndani ya tendo kimya kimya.

Haya basi, wana Kiswahili, tusaidianeni. Tunapotoa amri tunasema "pakia!" bila kiambishi cha nafsi. Lakini tunapoeleza tendo linavyotendeka tunasema, "Chombo kinapokea samaki, kinawajumlisha na waliomo, kinakaa tayari." Ile ki- inarudi katika kila kitenzi. Kitenzi cha Kiswahili hakikubali kuelezwa bila kujulikana ni cha nani. Je, si hiyo self? Wakati wa kuita haipo, wakati wa kueleza ipo. Mwingereza akishataja mtenda mara moja, kitenzi chake hakimbebi tena. Sisi tumembeba mtenda ndani ya kitenzi tangu tunyonye. Miaka yote tunahangaishwa na viambishi vya ngeli na upatanisho wa sarufi, tukidhani ni mateso ya karatasi ya pili, kumbe tulikuwa tunajifunza Python!

Java, C++ na PHP zinamwita mtenda huyo this badala ya self, nazo hazikulazimishi kumtaja pale juu unapofungua tendo. Lua nayo ina ujanja wake. Ukitumia nukta mbili, Lua inamwingiza Subira yenyewe. Ukitumia nukta moja, ni juu yako kumwingiza, uandike subira.pakia(subira, 20). Ukisahau, ile 20 ndiyo itakayochukuliwa kuwa chombo, na hapo safari imevunjika. Lakini kwa aliyekwisha kuielewa ile ki-, hizi zote ni lahaja tu, kama vile Kimvita na Kiunguja.

Zawadi ya pili ya Kiswahili ni kitenzi "piga." Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga picha, tunapiga hodi, tunapiga deki. Neno ni moja, vitendo ni mbalimbali, na hakuna anayechanganyikiwa akapiga deki kwenye simu. Kinachoamua ni kile kitu kilichotajwa. Katika programu ndivyo ilivyo. Pale Shimoni kuna mashua za tanga na kuna boti za mashine zinazopeleka watalii Wasini na Kisite. Zote unaweza kuziambia ondoka(). Ya tanga itatweka tanga, ya mashine itawasha mashine. Anayeita hana haja ya kujua ndani kuna nini. Vitabu vina jina refu la kutisha kwa jambo hili, na wengi wamelikimbia kwa sababu ya jina tu. Ukiwaambia "ni kama piga," wanacheka na kuelewa.

Sasa nijibu hoja za wapinzani wangu, maana najua wameshanoa kalamu.

Hoja ya kwanza: Kiswahili hakina msamiati wa kompyuta. Hii ni hoja ya zamani na majibu yake yapo. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Microsoft nao wakaja na Windows ya Kiswahili. Sisi katika vitabu vyetu tuna tarakilishi, mtandao, barua pepe, kipakatalishi. Kama kuna upungufu, ni wa kutumia. Isitoshe, lugha haioni haya kukopa. Programu, faili na intaneti ni maneno yetu sasa, kama shati na suruali.

Hoja ya pili: mtihani ni wa Kiingereza. Kweli, karatasi ya Kompyuta ya KCSE imeandikwa kwa Kiingereza, na sisi tutakaofunga 8-4-4 mwaka 2027 tutaijibu kwa Kiingereza. Sijasema tukitupe Kiingereza baharini. Nasema uelewa uje kwanza. Aliyeelewa kwa Kiswahili atajibu kwa Kiingereza hata kama sarufi itayumba kidogo. Ambaye hakuelewa, Kiingereza chake kizuri kitampa sentensi nzuri na alama ya sifuri.

Hoja ya tatu: kompyuta zenyewe hazijui Kiswahili. Nani kasema? Zile subira na pakia nilizoandika hapo juu ni maneno ya Kiswahili na lugha zote zile zinayakubali. Yanayotakiwa kuwa ya Kiingereza ni maneno machache ya lugha yenyewe. Majina ya vitu na matendo unayachagua wewe. Na tayari kazi kubwa za Wakenya zimebeba majina yetu. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007, mwaka 2008 Wakenya na wenzao walitengeneza Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Iliandikwa kwa PHP, lugha ya mshale, na mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Safaricom nayo, iliyoanzisha M-Pesa mwaka 2007, iliufungua mlango uitwao Daraja ili programu za watu wengine ziweze kuomba malipo. Mwenye PHP anavuka Daraja hilo, mwenye Python anavuka, mwenye Java anavuka. Pesa hazimuulizi mtu ametumia nukta au mshale.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Si kwa ajili ya kushinda mabishano ya mapumziko. Mwisho wa kidato cha pili, tulipochagua masomo, wenzangu wengi waliliacha somo la Kompyuta. Sababu niliyoisikia mara nyingi haikuwa hesabu. Ilikuwa, "Kile Kiingereza cha mle siwezi." Hao ni watu wanaojua kupanga hesabu za duka la mama, wanaojua kupiga bei ya samaki kwa kichwa kabla hujatoa simu mfukoni. Akili wanayo. Mlango umefungwa kwa funguo isiyo yao.

Na sisi wa Kwale hatuna mali ya kutupa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianguka mwaka 1988, na wazee wetu wanakieleza mpaka leo kama msiba. Mwaka 2020 Korona ilipokuja, hoteli za Diani zilifunga milango na vijana wakarudi nyumbani mikono mitupu. Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium ilimaliza uchimbaji wake, kwa kuwa madini yalikuwa yamekwisha. Sisemi kwamba kompyuta italisha kaunti nzima. Huo ungekuwa uongo, na mtu mzima akiusoma atanicheka. Ninasema ni kazi mojawapo ambayo kijana wa Msambweni anaweza kuifanya akiwa Msambweni, na haingojei meli wala msimu wa watalii. Tukiwafungia nje walio na akili kwa sababu ya lugha ya kufundishia, tunajikata mkono wenyewe.

Serikali kwa upande wake imesogea. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya kuandika programu kwa shule za msingi na za upili. Lakini silabasi haifundishi, mwalimu ndiye anayefundisha. Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, na yote hayahitaji hata shilingi moja ya bajeti.

Kwanza, kabla ya kuandika alama yoyote ubaoni, mwalimu wa Kompyuta atumie dakika kumi kueleza mwito kwa Kiswahili: nani anaitwa, afanye nini, apewe nini. Akishajibiwa na darasa, ndipo afungue kitabu.

Pili, tuchore karatasi kubwa ukutani mwa maabara yenye sentensi moja, "Subira, pakia kilo 20," na chini yake lugha zote zinavyoiandika, pamoja na sababu ya kila alama. Atakayeingia na PHP ataiona, wa Python ataiona, na sisi wa Visual Basic hatutachekwa tena.

Tatu, Chama cha Kiswahili na darasa la Kompyuta tukutane angalau mara moja kwa muhula tukubaliane maneno. Je, tuseme tendo au mbinu? Kitu au umbo? Hilo ni mabishano yenye faida, na ningependa toleo lijalo la jarida hili lichapishe orodha yetu. Wadogo zetu wa gredi ya 10 wataikuta, waiongeze. Sisi tutakuwa tumekwisha kuondoka, na hakutakuwa na kidato kingine nyuma yetu cha kuwarithisha.

Nawaachia swali wale mabingwa wa mapumziko. Ukienda nyumbani kwa mtu, unapiga hodi. Mwingine anabisha mlango, mwingine anakohoa uani, na siku hizi wapo wanaopiga simu wakiwa langoni. Mwenye nyumba akitoka akakukaribisha, utaanza kumuuliza ameipenda hodi ipi? Au utaingia ndani ukaseme kilichokuleta?